Nilikufa Mara 60 kwa Shilingi 20,000

Mtoto wa kaka yangu ndiye aliyenitambua kwanza. Ilikuwa likizo ya Desemba 2021, nimeshuka Mombasa kutoka Nairobi, na mama akanituma nikamwite kijana aje ale. Nilimkuta mahali anapokuwa kila jioni: kibanda cha gemu hapo Kisauni, mabati juu, runinga tatu, viti vya plastiki, watoto wamebanana hadi mlangoni. Mwenye kibanda alikuwa na kijidaftari anamoandika nani ameanza saa ngapi. Dakika kumi, shilingi 20.

Kijana aliponiona hakuinuka. "Shangazi, ngoja kidogo. Sikiliza hapa." Akabonyeza vitufe vyake, na askari mmoja wa kike akaanguka kutoka juu ya ukuta. Kutoka kwenye kile kispika kilichopasuka nikasikia yowe langu mwenyewe.

"Ni wewe," akasema. "Mimi nimejua tangu wiki iliyopita. Huyu anavyosema 'Mama yangu!' ndivyo unavyosema wewe ukiungua jikoni."

Alikuwa sahihi. Nilisimama pale kama robo saa, chakula kinapoa nyumbani, nikawatazama wale watoto wakiniua. Walifanya hivyo mara tisa. Kuna mmoja, mdogo kuliko wote, alikuwa akiniiga kila nilipoanguka, na aliniiga vizuri.

Nikapiga hesabu palepale. Mwenye kibanda anapata 20 zake. Aliyemuuzia diski alipata chake. Kampuni iliyotengeneza gemu imepata na inaendelea kupata. Fundi wa umeme wa mtaa analipwa kila mwezi. Mwenye yowe peke yake, nilivyoona siku ile, ndiye ambaye hesabu yake ilifungwa siku aliyotoka studio. Simwonei kijicho mwenye kibanda, riziki yake ni halali. Lakini nilirudi nyumbani nimenyamaza, na mama akadhani nimegombana na mtoto.

Sauti nilianza kuitumia mapema. Baba alikuwa na duka la rejareja Majengo, na macho yake yalipoanza kufifia mimi ndiye niliyemsomea gazeti kila alasiri, kwa sauti, huku wateja wakiingia na kutoka. Nikisoma habari ya msiba kwa sauti ya habari ya mpira, alinisimamisha: "Rudia. Mtu amekufa hapo." Sijapata mwalimu wa uigizaji aliyemzidi. Baadaye nikaenda Nairobi, nikafanya matangazo ya redio, kisha nikaingia kwenye kuingiza sauti za Kiswahili katika tamthilia za nje. Kazi ile ina ugumu wake: unatazama midomo ya mtu anayesema lugha nyingine, nawe lazima umalize sentensi midomo yake inapofungwa, na Kiswahili chetu kina maneno marefu. Lakini angalau unamwona unayemsemea. Unajua analia kwa nini.

Katika gemu huoni chochote. Kazi yenyewe ilinijia mwaka 2019 kupitia wakala. Akaniambia kuna kampuni ya nje inatengeneza gemu na inatafuta sauti za Kiswahili, siku mbili, shilingi 20,000. Niliuliza ni gemu gani. Akasema jina ni siri, hata yeye hajui. Kwenye karatasi mradi ulipewa jina la mti. Niliuliza mimi ni nani humo. "Askari, mwanamke, umri wa makamo." Nikakubali. Kodi ya nyumba yangu Umoja ilikuwa 14,000, na tangazo langu la mwisho la redio lilikuwa la miezi miwili nyuma.

Sasa najua kwamba hapo ndipo nilipopotea, kabla hata sijafungua mdomo. Utapangaje bei ya kitu usichokijua? Hujui kama ni gemu ya watu wachache au ya dunia nzima. Hujui kama utasema au utapiga mayowe. Hujui kama sauti yako ni ya mpita njia mmoja au ya kila mwanamke katika jeshi zima. Mimi, kumbe, nilikuwa jeshi zima.

Siku ya kwanza ilikuwa ya maneno. Nilipewa orodha ndefu, mistari kama 400, haina hadithi, haina wa kuzungumza naye. "Wako wapi?" mara 12: kwa kunong'ona, kwa hofu, kwa hasira, ukikimbia, ukiwa umejificha. Ni lazima iwe hivyo, kwa sababu mashine ndiyo itakayochagua ipi itumike wakati gani, na mchezaji akisikia ileile mara mbili mfululizo anakereka. Mwongozaji alikuwa ng'ambo, tunasikilizana kwa intaneti. Hakujua Kiswahili hata kidogo.

Na Kiswahili chenyewe kilikuwa kimetafsiriwa na mtu, au na mtambo, ambaye hajawahi kuishi nacho. Mstari mmoja ulisema: "Moto kwenye shimo!" Nikauliza, huyu askari ameona moto wapi? Ikabidi waniulizie. Kumbe ni kilio wanachopiga askari wa kwao bomu linapokaribia kulipuka. Nikawaambia hakuna mtu wa huku atakayelala chini akisikia moto uko kwenye shimo. Tukaweka "Bomu! Laleni!" Basi ikawa hivyo mchana kutwa. Nilirekebisha mistari zaidi ya 100, na kila nilipofanya hivyo mwongozaji alinishukuru kwa moyo mweupe. Tafsiri ni kazi, ina watu wake na bei yake, nami niliifanya bure nikiwa nimesimama mbele ya maikrofoni, kwa sababu niliona aibu Kiswahili kitoke vile chini ya sauti yangu. Ile aibu sijutii. Najutia kutoiandikia ankara.

Siku ya pili ilikuwa ya mayowe. Karatasi ilikuwa na sauti zisizo na maneno, zimepangwa kwa mstari: kupigwa ngumi ya tumbo, kupigwa risasi ya bega, kuanguka kutoka pafupi, kuanguka kutoka parefu, kuzama, kukabwa shingo, kuungua kidogo, kuungua mpaka kufa. Vifo vilikuwa 20, na kila kimoja kilitakiwa mara 3. Kazi ya muda wa saa nne, na mapumziko mamoja ya chai.

Mtu asiyefanya kazi hii hudhani yowe ni yowe. Yowe la kuigiza halina kifo cha kweli cha kulisukuma, kwa hiyo unalitoa kwa nguvu ya misuli tupu, na ukilifanya dogo linasikika la uongo. Kufikia kifo cha 30 nilihisi kitu kama mchanga kooni. Kufikia cha 45 fundi wa studio, kijana wetu wa hapa Nairobi, alibonyeza kile kitufe cha kusema nami, akaniuliza kwa Kiswahili, taratibu: "Dada, uko sawa?" Nikamwambia niko sawa. Nilikuwa nawaza kwamba nikisimama watasema watu wa huku hawawezi kazi. Walipofika kwenye kuungua mpaka kufa, mwongozaji alisema ile ya tatu ndiyo bora kuliko zote. Ilikuwa bora kwa sababu haikuwa uigizaji tena.

Kesho yake niliamka sauti imenipwea kabisa. Nilifungua mdomo kumsalimu jirani ikatoka hewa. Nilikunywa tangawizi, asali, ndimu, kila nilichoambiwa, na siku ya sita nikaenda kwa daktari wa masikio, pua na koo. Aliingiza kamera ndogo, akanionyesha kwenye kioo: nyuzi mbili za sauti zilizovimba, nyekundu, haziwezi kukutana vizuri. Akanieleza kwamba mwanamke akizungumza kawaida, nyuzi zile hugongana takriban mara 200 kwa sekunde, na ukipiga mayowe hugongana kwa nguvu zaidi. Ukiendelea saa nyingi zinaumia kama kiganja kinavyoota malengelenge kwa jembe. Akanikataza kusema, na akanikataza hata kunong'ona. Nilikaa kimya majuma matatu, nikaandika mahitaji yangu dukani kwenye karatasi. Sauti ilirudi kamili baada ya majuma matano. Katika majuma hayo matangazo mawili ya redio yalinipita.

Hesabu niliandika baadaye, kwa utulivu. Wakala alikata asilimia 15, nikabaki na 17,000. Daktari, kamera na dawa zikala 11,000. Kwa hiyo gemu ile, ambayo watoto wanaicheza mpaka leo, ilinipa shilingi 6,000 na ikaninyima matangazo mawili.

Wakati wa ukimya ule ndipo nilipoanza kusoma, maana nilikuwa sina lingine la kufanya. Nikagundua kwamba waigizaji wa sauti wa Marekani walikuwa wamegoma kwa ajili ya koo kama langu. Chama chao, SAG-AFTRA, kilianza mgomo dhidi ya kampuni za gemu tarehe 21 Oktoba 2016, na ukadumu siku 340. Moja ya madai yao lilikuwa kwamba kikao cha mayowe kisizidi saa mbili, na malipo yabaki yaleyale ya saa nne. Lingine lilikuwa kwamba gemu ikivuka nakala milioni 2 walipwe ziada, na tena kila milioni 2 zinapoongezeka, mwisho milioni 8. Nilisoma maneno hayo nikiwa na kitambaa cha moto shingoni, nikaona kumbe si mimi niliye dhaifu.

Hawakupata yote. Ziada iliyofungwa na mauzo hawakupewa. Walipata ziada ya kila kikao, inayoanza na dola 75 kwa kikao cha kwanza na kufika jumla ya dola 2,100 mtu akifanya vikao 10. Kuhusu koo, kampuni zilikubali kuendelea kuzungumza. Lakini kuna jambo walilopata ambalo naona lilikuwa kubwa kuliko watu walivyolitangaza: haki ya kuambiwa mapema. Jina la siri la mradi, aina ya gemu, kama inatokana na kazi iliyotangulia, kama kutakuwa na ukatili ndani yake. Mimi ningeambiwa hayo manne tu mwaka 2019, ningeomba bei nyingine au ningekataa siku ya pili.

Kisha nikasoma habari ya Michael Hollick, aliyeigiza Niko Bellic, mhusika mkuu wa Grand Theft Auto IV ya mwaka 2008. Yule si mtu wa kuanguka ukutani. Ni yeye mwanzo hadi mwisho. Alilipwa kama dola 100,000 kwa kazi iliyochukua miezi 15, na gemu iliuza zaidi ya dola milioni 500 katika wiki yake ya kwanza. Hakuna mrabaha uliomfuata, yaani malipo ya ziada kazi inapoendelea kuuza. Dola 100,000 ni pesa nyingi, sitaki kujifanya sizijui. Kilichonigusa ni kwamba yeye mwenyewe hakuilaumu kampuni sana kama alivyoilaumu mikataba ya chama chake, iliyokuwa haijaandikwa kwa ajili ya gemu. Filamu na televisheni zilikuwa na utaratibu wa kumlipa mwigizaji kazi inaporudiwa. Gemu ilikuja ikakuta daftari halina ukurasa wake.

Baba alikuwa na methali moja aliyoitumia kwa wateja wa mkopo: mali bila daftari hupotea bila habari. Nilikuwa naisikia kila siku na sikuwahi kudhani kwamba inanihusu mimi, kwa vile mali yangu haionekani.

Nilipomsimulia haya rafiki yangu mmoja anayeandika programu za kompyuta, kule Ngong Road, alinijibu kwa jambo ambalo sikulitarajia. "Dada, mimi pia silipwi mrabaha. Programu niliyoandika mwaka juzi inaingiza pesa hadi leo. Wanaotengeneza gemu wako mamia, wanalala ofisini miezi, nao hawapati kitu ikiuza. Kwa nini wewe wa siku mbili upate?" Hoja hii ilitolewa hata Marekani wakati wa mgomo, na si hoja ya kipuuzi. Niliibeba kwa wiki nzima. Ile hesabu yangu ya pale kibandani, kwamba ni mimi peke yangu, ilikuwa na kasoro.

Jibu langu lilikuja kwa vipande. Kwanza nilimwambia: nawe ungestahili, na kunyimwa kwako hakuwezi kuwa sababu ya kuninyima mimi. Pili, wewe una mshahara. Mwezi ukiisha unajua kitakachoingia. Kampuni inakuchangia akiba ya uzeeni. Ukiumwa unapewa siku za kuugua. Mimi hulipwa kwa siku mbili, kisha nangoja miezi miwili, na nikiumia kazini ugonjwa ni wangu. Ziada ile ndiyo inayomvusha mwigizaji katika miezi ya kungoja. Na la tatu, ambalo naliamini kuliko mengine: programu yako hakuna anayeisikia akasema "huyu ni fulani". Sauti yangu ikishatumika kwa askari yule, inaniandama. Siku moja mteja wa tangazo la maziwa ya watoto alikataa sauti yangu kwa sababu mwanawe alimjua yule mwanamke wa gemu. Saa zangu zilikwisha, lakini sura yangu ya sauti bado iko kazini kule, na inanizibia njia nyingine. Rafiki yangu hakukubali yote. Alikubali hili la tatu.

Wapo wanaoniambia nisijilinganishe na Marekani. Wakati wa mgomo ule wa 2016, kiwango chao kilikuwa dola 825.50 kwa kikao cha saa nne, kwa sauti zisizozidi tatu. Mimi kwa siku mbili nilibaki na kama dola 165, na sauti sikuzihesabu. Naelewa kwamba kodi ya Umoja si kodi ya Los Angeles. Lakini gemu haiuzwi kwa bei ya Umoja. Kijana wa Nairobi anayetaka kuinunua halali anatozwa karibu sawa na kijana wa Los Angeles. Bei ya kununua ni ya dunia, bei ya kuajiri ni ya mtaa. Hapo ndipo ninapokasirika, na sioni sababu ya kuficha hasira yenyewe.

Kiswahili si mgeni katika gemu, tena kimeingia kwa mlango wa mbele. Wimbo wa kufungulia Civilization IV, wa mwaka 2005, ni Sala ya Bwana kwa Kiswahili, uliotungwa na Christopher Tin. Mwaka 2009 aliutoa tena kwenye albamu yake, na mwaka 2011 ukashinda Grammy, wimbo wa kwanza kutoka kwenye gemu kufanya hivyo. Ninaufikiria sana wimbo ule. Mtunzi ana njia ya kurudi kwenye kazi yake, akaitoa tena, akaipigisha majukwaani, na kila mara kuna utaratibu wa kumhesabia. Anayeimba na anayetunga dunia imeshawawekea daftari, hata kama halijazwi vizuri kila nchi. Anayesema, na anayepiga yowe, bado.

Agosti 2024 nikaletewa kazi ya namna nyingine. Kampuni, tena ya nje, ilitaka nisome sentensi kwa saa 30. Shilingi 3,000 kwa saa, jumla 90,000. Hakuna yowe hata moja. Sentensi za kawaida: bei ya nyanya, hali ya hewa, "tafadhali subiri", "samahani sijakusikia". Ilikuwa pesa kubwa kuliko yoyote niliyowahi kuahidiwa kwa kazi moja, na mtoto wangu alikuwa anaingia kidato cha pili Januari iliyofuata.

Nilisoma mkataba mara tatu. Kifungu kimoja kilisema natoa haki ya kutumia sauti yangu, na mfano wowote wa sauti utakaotengenezwa kutokana nayo, katika vyombo vyote vilivyopo na vitakavyobuniwa, duniani kote, daima. Neno "daima" nililisoma kwa sauti, kama nilivyokuwa nikimsomea baba, na nikasikia uzito wake. Saa 30 hazikuwa za kutengeneza tangazo wala gemu. Zilikuwa za kunitengeneza mimi wa pili, asiyepwewa na sauti, asiyelipa kodi ya nyumba.

Wakati huohuo wenzetu wa Marekani walikuwa wameingia mgomo mwingine, tangu tarehe 26 Julai, na safari hii kiini chake kilikuwa hichohicho: akili unde, na nani mwenye idhini ya kuinakili sauti ya mtu. Ulisimamishwa tarehe 11 Juni 2025, na mwezi uliofuata wanachama wakapitisha mkataba kwa zaidi ya asilimia 95. Malipo yakapanda asilimia 15.17 mara moja, lakini nililolipigia mstari mimi ni kwamba nakala ya sauti haitengenezwi bila idhini na bila kuelezwa itatumika kwa nini, na kwamba mwigizaji anaweza kuisimamisha idhini hiyo wakati wa mgomo. Maana yake nakala yako haiwezi kufanya kazi wakati wewe umegoma.

Mimi sina chama cha namna hiyo nyuma yangu. Nina simu na barua pepe. Nikawaandikia maswali matatu: nakala hii itasema nini, kwa muda gani, na nikitaka inyamaze ninamwambia nani? Nikaongeza kwamba Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019, inapoeleza data za mwili wa mtu, inataja utambuzi wa sauti pamoja na alama za vidole. Kwa hiyo kwa upande wetu sauti si kelele, ni kitambulisho. Wakajibu kwa adabu kwamba mkataba ni mmoja kwa nchi zote na haubadilishwi. Nikakataa. Usiku ule sikulala, nilihesabu karo. Walimpata mwingine, na simlaumu hata kidogo aliyeipokea. 90,000 ni 90,000, na hakuna aliyekuwa amemweleza kuhusu lile neno.

Karo ilipatikana, kwa mkopo wa chama chetu cha akina mama na kwa tamthilia moja ya vipindi 40.

Siku hizi ninalo daftari, la karatasi, lenye jalada jeusi kama la baba. Kila kazi ina ukurasa wake: nimesema nini, saa ngapi, kwa ajili ya nini, hadi lini. Wakala mpya akipiga simu, swali langu la kwanza si pesa. Nauliza kama kuna mayowe. Kama yapo, nataka yawe mwisho wa siku, yasizidi muda wa saa mbili, na kesho yake nisipangiwe kitu. Tafsiri nikiiona mbovu nasema mapema kwamba naweza kuirekebisha, na bei yake ni hii. Matumizi nayaandika kwa jina: gemu hii, toleo hili. Wakitaka kuniweka kwenye tangazo la gemu au kwenye toleo la pili, tuzungumze upya. Nakala ya mashine, hapana, mpaka tuandikiane karatasi nyingine kabisa.

Kazi nimepoteza, tena si moja. Lakini mwaka jana kikundi cha vijana watano wanaotengeneza gemu yao ndogo walikubali kila kitu, wakanilipa 48,000 kwa nusu siku mbili na 10,000 za tafsiri, na wakaweka jina langu mwishoni. Nimeona mara nyingi kwamba wadogo ndio husikiliza. Wanazijua nafsi za watu waliomo katika kazi yao. Kampuni kubwa ina mkataba mmoja kwa nchi zote.

Wiki iliyopita binti mmoja wa Malindi, aliyepata namba yangu kwa fundi yuleyule aliyeniuliza kama niko sawa, alikuja nyumbani na mkataba wake wa kwanza. Gemu. Jina la mradi ni la ndege. Alinywa chai bila kuyagusa mahamri, akaniambia, "Dada, nikiuliza sana si wataniacha?" Nikamwambia wanaweza kumwacha, sikutaka kumdanganya. Tulikaa hadi magharibi. Tukaandika maombi mawili tu, kwa sababu matano yangekuwa mengi kwa mtu anayeanza: mayowe yasizidi saa mbili, na sauti isifundishiwe mashine bila idhini nyingine.

Jana alinipigia. La mayowe wamekubali bila hata kubishana. La pili wamesema kifungu cha saba, kile cha mashine, kitabaki kilivyo, na wanamtaka ajibu kufikia Ijumaa. Alikuwa akizungumza kwa sauti ya chini, yuko kazini kwenye duka la simu, na nikamsikia mteja akimwuliza bei ya chaja. Akamjibu mteja, akarudi kwenye simu. "Dada, wewe ile 90,000 uliiacha kweli?"

Nikamwambia niliiacha, na nikamwambia pia kuhusu usiku wa kuhesabu karo. Akanyamaza. Kisha akaniomba nimsomee kile kifungu cha saba tena, polepole, naye akachukua kalamu.